Mikono Chini

Jumanne ni siku ya mashuka, na ilikuwa Jumanne yule bibi kizee wa chumba cha tisa alipomwita Leonie Barraby kwa jina la mtu mwingine.

Leonie alikuwa amesimama mlangoni na toroli la nguo safi. Marites, mwenzake wa kufulia, alikuwa ndani akitandika kitanda, na Leonie alimwambia kwa mikono kwamba mashuka ya chumba cha kumi hayajakauka, mashine imekwama tena. Kwa muda wa wiki kumi na tisa Marites alikuwa amejifunza ishara hizo mojamoja kwenye meza ya kukunjia nguo, kwa kicheko na makosa mengi. Alijibu kwa ngumi na mguu: hiyo mashine ipigwe teke.

Bi Enid Pruett, mwenye miaka themanini na sita, alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, blanketi magotini. Kwa kawaida hakuwatazama wafanyakazi. Siku hiyo aliitazama mikono ya Leonie, na uso wake uliokuwa umelegea ukakazika, kama wa mtu aliyekumbuka kazi yake.

"Shusha mikono," alisema. "Mikono chini, Olive. Nimekwambia mara ngapi?"

Leonie hakusikia. Hakuwa amesikia kitu tangu akiwa na miaka minne, masikio yake yalipoharibika kwa usaha kama ya watoto wengi wa mtaa wetu wakati ule, na zahanati ikampa matone na kumwambia bibi yake amrudishe Ijumaa. Lakini alisoma midomo ya watu vizuri kuliko wengine wanavyosoma gazeti, na midomo ya Bi Pruett ilikuwa ya kizamani, ikitamka kila herufi. Alijikuta ameshusha mikono kabla hajajua kwa nini.

Kwenye korido Marites aligeuka ili midomo yake ionekane. "Anadhani wewe ni nani?"

"Sijui."

"Kichwa kimechoka. Juzi mimi aliniita Padre."

Walicheka, wakasukuma toroli. Lakini Leonie aliona mikono yake imebaki mifukoni mwa aproni hadi chumba cha kumi na mbili.

Nyumba hiyo ya wazee sisi watu wa Warrandool tunaiita Kilimani, kwa kuwa hatupendi kutaja jina lake la zamani. Kabla ya wazee, walikuwa wasichana. Wote weusi kama sisi, wenyeji wa nchi hii kabla ya wazungu, wameletwa kwa gari la serikali kutoka kwa mama zao, wafundishwe kufua, kukamua na kupiga pasi, kisha wapelekwe kutumikia nyumba za wazungu. Paa ni jipya na rangi ni mpya, ila matofali ni yaleyale. Bibi yake Leonie, Muriel, alikaa humo miaka minane. Leonie alipoambiwa amepata kazi kule, aliogopa kumwambia. Bibi Muriel aliuliza jambo moja tu: "Watakulipa wewe mwenyewe, mkononi mwako?"

"Benki, Bibi. Kwa jina langu."

"Basi nenda."

Yeye mwenyewe hakuwa amepanda kile kilima tangu mwaka hamsini na nne.

 

Ukutani jikoni kwao, Mjomba Vern alikuwa ametundika vyeti vyake kumi na kimoja. Kuendesha folklifti ya kunyanyulia mizigo, kuelekeza magari barabarani, huduma ya kwanza mara mbili, usafi wa chakula, msumeno wa injini, na kimoja cha kutafuta kazi. Kila mradi ulipokuja mjini, Vern aliandikishwa, akapigwa picha, akapewa cheti, na mradi ukaondoka. Alikuwa na miaka hamsini na mbili, na mgongo uliovunjika zamani machinjioni ukaungwa vibaya.

"Mfanyakazi karudi," Vern alisema Leonie alipoingia, akihakikisha midomo yake inaonekana. "Wiki ya ngapi hii, mpwa?"

"Kumi na tisa."

"Bado saba. Mimi waliniachisha kazi wiki ya ishirini na sita, saa nane na nusu mchana. Serikali inalipa nusu ya mshahara wako wiki ishirini na sita, wiki ya ishirini na saba wanatakiwa walipe wao wenyewe. Basi siku ileile mgongo wangu ukawa tatizo. Asubuhi haukuwa tatizo."

"Usimtie hofu mtoto," alisema Bibi Muriel. Alikuwa jikoni anakaanga mikate, mgongo kwao.

"Simtii hofu, Mama. Namfundisha. Mimi ni msomi wa mtaa huu, angalia ukuta."

Leonie alicheka, akavua viatu. Kisha, kwa kuwa jina lilikuwa limemganda tangu asubuhi, akauliza kwa sauti yake, ambayo hakuwahi kujua ni kubwa kiasi gani: "Bibi, Olive ni nani?"

Bibi Muriel hakugeuka. Mkono wake wa kushoto ulipanda wenyewe, kidole kidogo kikaugusa mfupa wa bega mara mbili, ishara ambayo Leonie, aliyefundishwa ishara zote na mwanamke huyu, hakuwahi kuiona. Kisha bibi alitoka kwa mlango wa nyuma. Mkate ukaanza kuungua. Vern akazima jiko.

"Nani kakutajia jina hilo?" Uso wake haukuwa na utani hata kidogo.

"Mzee mmoja kazini. Kaniita hivyo."

Vern alikaa, akavuta kiti karibu ili mpwa wake aone vizuri midomo. "Ni mdogo wake. Walichukuliwa siku moja. Mama alikuwa na miaka minane, yule sita. Baada ya miaka mitatu Mama alirudi kutoka zizini, kitanda kitupu. Akaambiwa amepelekwa kazini, jimbo la mbali la Queensland, kwenye shamba la kondoo."

"Wa miaka tisa?"

"Wa miaka tisa. Hatumtaji kwa sababu Mama haruhusu. Ukimtaja mtu kama aliyekufa, ndiyo umemuua. Yeye anasema yuko njiani." Vern aliuelekeza mkono kwenye rafu ya simu. "Unafikiri kwa nini kwenye kitabu cha simu tumeandikwa kwa jina la usichana wake? Yule hajui Mama aliolewa na nani. Kwa nini amekataa nyumba mpya mara tatu? Na haya maneno yenu ya mikono unadhani aliyatoa shuleni? Kule walikatazwa kuongea mezani, wakakatazwa kuongea kitandani. Wakatunga yao, wawili tu. Wewe ulipopoteza masikio, Mama alikuwa na lugha tayari."

Leonie aliitazama mikono yake juu ya meza. Miaka ishirini na saba alikuwa ameomba maji, amegombana, amechekesha, kwa maneno ya mtoto aliyekuwa akinong'ona gizani. Aliyaona maneno hayo kama nguo za mtu, ambazo alikuwa amezivaa bila kuuliza mwenyewe yuko wapi.

 

Wiki zilizofuata alijitahidi kufanya kazi ya chumba cha tisa mikono ikiwa kimya. Bi Pruett alimtazama tu, wakati mwingine akasema neno kuhusu chai. Kisha siku moja, peke yake na yule mzee, Leonie aliinua mikono makusudi. Alisema kitu kisicho na maana, kwamba kuna joto.

"Olive," midomo ile ilisema. "Bado una homa?"

Baada ya hapo hakuweza kuacha. Alijua si vizuri. Alijua kwamba kumchokoza mgonjwa kwa mikono yake ni kama kumtia mkono mfukoni amelala. Lakini kila siku aliondoka na kipande: homa, mlango, mtungi wa maji. Alikiweka kipande hicho pembeni, akaenda kukunja foronya.

Wiki ya ishirini na mbili Shauna Pratt wa ofisi ya ajira alikuja kupiga picha ya jarida lao. Shauna alikuwa mwanamke mchangamfu aliyefungua mdomo sana anapozungumza na Leonie, hata midomo ikawa haisomeki. Meneja, Gavin Lusk, alisimama kati ya Leonie na mashine kubwa, mkono wake hewani nyuma ya bega la Leonie bila kuligusa.

"Huyu ni mfano kwa wote," Gavin alimwambia Shauna. "Mashine hizi zinapiga kelele, wengine walikuwa wanalalamika kila siku. Huyu hana habari. Tungejua tungetafuta viziwi zamani."

Shauna alicheka kidogo, kisha akamwangalia Leonie, akaacha. Leonie alikuwa ameisoma sentensi nzima.

"Taa," alisema.

"Samahani?"

"Taa ya kengele ya moto. Mliandika wiki ya kwanza kwamba mtaifunga. Moto ukiwaka, mimi sitajua."

"Iko kwenye foleni," alisema Gavin. "Tabasamu, Leonie."

Shauna aliandika kitu kwenye daftari lake. Gavin alipoondoka, Leonie alimshika Shauna kiwiko. "Mkazi akisema jambo chumbani kwake. Jambo la zamani, baya. Naweza kulisema nje?"

"Hapana, mpenzi," alisema Shauna. Safari hii alisema kawaida, na midomo ikasomeka. "Ulitia saini. Cha chumbani kinabaki chumbani. Na zimebaki wiki nne tu. Usifanye kitu. Nakuomba. Katika watu kumi na wanne niliowaleta mwaka huu, wewe ndiye pekee uliyefika hapa."

 

Alhamisi iliyofuata Marites alikuwa amepiga magoti akimvisha Bi Pruett soksi, na Leonie anabadilisha mashuka. Dirishani kulikuwa na uwanda mkavu unaoteremka hadi mtoni. Leonie alimaliza kitanda, akageuka, na bila kujiuliza tena akagusa mfupa wa bega kwa kidole kidogo, mara mbili.

Bi Pruett alianza kulia. Machozi yalitoka bila uso kubadilika.

"Nilidhani unajifanya," alisema. "Wote mlikuwa mnajifanya. Ulikuwa unawaamsha wenzako, ndiyo maana nikakufungia stoo ya mashuka. Mlango niliufunga mimi, si Matroni. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, sikujua kitu. Asubuhi Matroni akasema daktari wa nini tena sasa. Tulikuweka nyuma ya zizi, kwa wale wengine. Kwenye daftari akaandika Queensland." Aliifuta pua kwa kiganja. "Mikono chini sasa. Lala."

Marites alibaki na soksi ya pili mkononi. Katika lugha yao ya mikono, kusikia ni kidole kwenye jicho. Alimtazama Leonie, akaweka kidole kwenye jicho lake, akauliza kwa nyusi.

Leonie akaitikia kwa kichwa.

Walitoka. Nyuma ya mlango wa chumba cha kufulia, Marites alimshika mabega. "Sikiliza. Karatasi zangu za kukaa nchini anazo Gavin. Yeye ndiye mdhamini. Imebaki miezi minne, Leonie, baada ya miaka sita. Nina watoto wawili kwetu Iloilo wanangoja. Usinitaje. Mimi sikuwemo."

"Hukuwemo," alisema Leonie.

 

Leonie alikaa na jambo hilo siku mbili. Alikula nalo mezani, akimtazama bibi yake akiweka sufuria, akifuta meza, akiinua kichwa kila gari lilipopunguza mwendo nje. Leonie alikuwa ameiona tabia hiyo maisha yake yote na kudhani ni uzee. Alifikiria kutosema kabisa. Mwanamke wa miaka sabini na nne, angeweza kwenda kaburini mwake na mdogo wake akiwa bado njiani, na nani angeumia?

Jumamosi asubuhi Bibi Muriel alikuwa ameketi kwenye ngazi ya nyuma na kikombe cha chai. Leonie alikaa ngazi ya chini, akamgeukia. Sauti aliiogopa. Alitumia mikono. Ilichukua muda mrefu, kwa kuwa kulikuwa na maneno ambayo watoto wale wawili hawakuyatunga, kama stoo, kama kuzika, na ikabidi ayazungukie.

Bibi Muriel alitazama hadi mwisho. Aliweka kikombe chini taratibu.

"Zizi lilikuwa upande wa mto," alisema. "Matroni alinihamishia kwenye ng'ombe mwaka uleule. Ng'ombe kumi na wawili, asubuhi na jioni." Midomo yake ilijaribu neno, ikaliacha, ikajaribu tena. "Nilikamua pale miaka mitano, Leonie. Nilikuwa naimba. Ng'ombe hutoa maziwa zaidi ukiwaimbia."

Leonie aliweka kichwa kwenye goti la bibi yake, na akauhisi mwili ule ukitetemeka kupitia mfupa. Kama kulikuwa na sauti, majirani walioisikia hawakuwahi kutuambia.

Baadaye sana bibi alimwinua kidevu. "Zimebaki wiki ngapi?"

"Tatu."

"Zimalize. Usiseme neno kwa mtu. Yule amengoja miaka sitini na tatu, wiki tatu hazitamwongezea baridi. Kazi hii usiipoteze kwa ajili ya mifupa."

Leonie alikubali, na alipokubali alihisi nafuu, na nafuu ile ikamtia haya kutwa nzima.

Bibi Muriel alikuwa na nia ya kungoja. Alingoja hadi Jumatatu.

 

Alivaa gauni lake la mazishi, la bluu. Vern alimwendesha bila kuuliza. Msichana wa mapokezi Kilimani aliinua macho, akamwambia kwa upole kwamba wanaoomba kazi ya usafi waingilie mlango wa jikoni.

"Nimekuja kumtembelea Bi Pruett," alisema Bibi Muriel. "Alinilea."

Leonie, aliyekuwa mwisho wa korido na nguo chafu mikononi, alimwona bibi yake akipita. Alimfuata hadi mlango wa chumba cha tisa, akasimama pale, ambapo aliweza kuona nyuso zote mbili.

"Wewe ni wa kanisa?" Bi Pruett aliuliza.

"Hapana." Bibi Muriel alikaa kitandani bila kukaribishwa. Aliinua mkono wa kushoto kuugusa ule mfupa wa bega, lakini baridi yabisi ilikuwa imevikunja vidole vyake, na ishara haikutoka vizuri. Bi Pruett aliutazama mkono huo kama mtu anavyotazama mkono wa mgonjwa mwenzake.

"Chai ya hapa ni baridi," alisema.

"Mimi ni Muriel. Kitanda cha kumi na saba. Dada yake Olive."

Uso wa Bi Pruett ukang'aa. "Aa, Muriel. Muriel alikuwa mtoto mzuri sana. Mtiifu. Hakutupa shida hata siku moja." Aliinamisha kichwa karibu, kama anayetoa sifa ya siri. "Yeye hakuuliza kitu kamwe."

Bibi Muriel akainuka, akanyoosha gauni lake, akapita mbele ya mjukuu wake bila kumwona. Garini alimwambia Vern ampeleke polisi.

"Mama, kazi ya mtoto."

"Twende. Nimeshakuwa mtiifu vya kutosha."

 

Siku iliyofuata Gavin Lusk alimwita Leonie ofisini. Shauna alikuwa ameshaketi, kalamu mkononi. Mezani kulikuwa na fomu moja ya njano.

"Hakuna anayekufukuza," Gavin alisema. "Mpwa wa Bi Pruett amelalamika, polisi wamenipigia simu, makao makuu wamenipigia simu. Mimi nataka tu mambo yaishe kwa heshima. Hapa tunaandika kwamba umeacha kwa hiari yako. Rekodi yako inabaki safi, Shauna anakutafutia kwingine."

"Sijaacha," alisema Leonie.

"Umevunja siri ya mkazi."

"Kuna watoto kwenye uwanja wako."

Gavin alivuta faili, akaligeuza ili Leonie aone. Alizungumza polepole, kwa mara ya kwanza akijali midomo yake ionekane. "Hii ni barua ya daktari. Tuliituma serikalini tupate ruzuku yako. Inasema hasikii kabisa, masikio yote mawili. Polisi wakija, nitawapa hii. Wewe hukusikia kitu, Leonie. Huwezi kusikia. Hiyo ndiyo sababu uko hapa."

Leonie alisoma barua. Ilikuwa kweli, kila neno. Alikuwa ameibeba yeye mwenyewe kutoka kliniki, ndani ya bahasha, akifurahi.

"Nilisoma midomo."

"Midomo ya mgonjwa asiyejua siku ya leo. Nani atakubali?"

Ndipo alipoona macho ya Gavin na ya Shauna yamehama kwenda mlangoni. Akageuka. Marites alikuwa amesimama pale na aproni yake iliyolowa, mikono imening'inia.

"Mimi nilisikia," alisema Marites. "Kwa masikio. Nilikuwepo, namvisha soksi."

"Marites, rudi kazini. Fikiria vizuri unachosema."

"Nafikiria tangu Alhamisi ile, Gavin. Siwezi kula. Nikikunja shuka naona mtoto ndani ya stoo ya mashuka. Ni stoo ileile, unajua? Ndiyo ile tunayowekea taulo." Aliinua mkono, akaweka kidole kwenye jicho lake, akimtazama Leonie, kisha akakiweka kwenye sikio, akimtazama meneja. "Nilisikia. Andika."

Gavin alimgeukia Shauna. "Tutalizungumza hilo peke yetu. Wewe tia saini hapo, tumalize hili la Leonie."

Shauna aliitazama fomu ya njano. Shingo yake ilikuwa imejaa mabaka mekundu. "Imeandikwa ameacha mwenyewe," alisema.

"Ndiyo kawaida. Umeshatia saini nyingi kama hizi."

"Najua nimetia ngapi." Alifunga kalamu. "Lakini hajaacha. Yuko hapa mbele yangu."

 

Walikuja watu wa mji mkuu na mashine inayosukumwa kama ya kukatia majani, inayoona chini ya udongo. Nyuma ya msingi wa zizi la zamani, upande wa mto, walikuta makaburi manne, yote mafupi. Mifupa ilichukuliwa, ikapimwa, ikarudishwa, na ya Olive haikuweza kutenganishwa na ya wengine kwa uhakika. Bibi Muriel aliulizwa kama angependa vipimo zaidi, vya miezi mingi. Alisema hapana, wote ni wake, walale pamoja kama walivyokuwa. Mjini wapo waliosema tunamsumbua mzee asiyejitambua. Walisema dukani, nyuma yetu kwenye foleni, kwa sauti ya kutosha.

Makao makuu ya Kilimani, baada ya magazeti mawili kupiga simu, waliandika barua ya kumwajiri Leonie moja kwa moja, na wiki hiyohiyo fundi alikuja kufunga taa ya kengele ya moto. Gavin alihamishiwa nyumba nyingine ya kampuni, karibu na bahari. Karatasi za Marites zilikutwa na kasoro ambayo haikuwepo awali. Zilirudishwa nyuma mwaka mzima. Watoto wake walingoja Iloilo. Yeye alikunja mashuka, na baadhi ya siku hakutaka kuzungumza, wala kwa mdomo wala kwa mikono, na Leonie alimwacha.

Bi Pruett hakushtakiwa. Daktari alisema hafai kujibu. Alibaki chumba cha tisa.

Leonie alimwambia bibi yake kwamba anataka kuacha kazi. Walikuwa mezani, barua ya ajira kati yao.

"Siwezi kufua nguo zake, Bibi."

"Mimi nilizifua miaka minane," alisema Bibi Muriel. "Bure." Aliisukuma barua upande wa mjukuu wake kwa vidole vyake vilivyopinda. "Wewe unalipwa. Ukiondoka, watamwita nani mahali pako? Watasema mnaona, hawa hawadumu. Ila mimi sikulazimishi. Mimi niliwahi kulazimishwa."

Leonie alifikiria usiku kucha. Asubuhi alifunga aproni.

Alianza na chumba cha kwanza, kama siku zote, akafika cha tisa. Marites alikuwa mapumzikoni. Leonie alivua mashuka, akatandika mengine, akakunja kona. Alipoinua kichwa, Bi Pruett alikuwa anamtazama.

"Olive," ilisema midomo ile. "Umerudi."

"Mimi si Olive." Alisema kwa sauti yake mwenyewe, bila kuipunguza. "Mimi ni Leonie Barraby. Nafanya kazi hapa."

Bi Pruett alimkodolea macho mdomoni, kama kwamba kiziwi ni yeye. Alifikiria. Kisha akauliza, kwa adabu, kama mtu anayeuliza habari za jirani: "Na Olive yuko wapi?"

Leonie alinyoosha mkono, akamwonyesha dirishani, chini, upande wa mto, ambapo udongo ulikuwa bado mwekundu na haujaota majani. Bi Pruett akageuka kutazama. Leonie alimwacha akitazama, akachukua mashuka machafu, akasukuma toroli hadi chumba cha kumi.